Chimba Mzizi Kabla ya Kupogoa

Vijana wangu wa Mpuguso, mliniomba niandike machache kuhusu kubadili maisha, maana mwaka unaisha na kila mmoja wenu ana mpango. Mmoja anataka kuhamia Tunduma, mwingine anataka kuacha pombe, wa tatu anataka kumwacha mke, na yule binti wa jirani yangu anataka kuacha ualimu afungue saluni Msasani. Mchungaji naye akaniambia pembeni kwamba niwatie moyo. Nimekaa na karatasi hii siku tatu nikiutafuta huo moyo wa kuwatia, sijauona. Basi nitawapa nilichonacho, nacho ni habari za kupogoa chai.

Nilifanya kazi shamba la chai tangu ndevu zinaanza kuota, na sehemu kubwa ya kazi yangu nilikuwa mnyapara wa wapogoaji. Wengi wenu chai mnaijua kwa kuchuma tu, majani mawili na chipukizi, basi. Lakini mchai ukiachwa uende unavyotaka unakuwa mti, na mti hauchumwi. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache unakatwa. Kuanzia mwezi wa sita, mvua inapopungua kidogo, tulikuwa tunaingia shambani na visu vyetu vya ncha iliyopinda na kushusha kila kitu mpaka usawa wa goti. Mgeni akipita barabarani alidhani shamba limeingiliwa na wendawazimu. Lakini baada ya wiki kadhaa vichipukizi vinatoka, na shamba linakuwa kijana tena.

Kisu kinolewe asubuhi, kisha kinolewe tena kila baada ya mstari. Mkato uwe wa mshazari na uwe laini, maji yasituame juu yake. Ukikata kwa hasira tawi linapasuka, na penye mpasuko ndipo ukuvu unapoingia. Matawi yaliyokatwa hayatolewi, yanaachwa chini yafunike udongo. Hapo ndipo nilipogombana sana na akina mama, kwa sababu kuni za mchai zinawaka vizuri na hazina moshi mwingi. Nilikuwa nawafukuza na filimbi. Siku moja mama mmoja wa Kiwira, mzigo kichwani, akageuka akaniuliza kwa upole kabisa: mnyapara, na wewe nyumbani chakula chako kinapikwa kwa nini? Jioni nilipofika kwangu nikainama jikoni nikatazama. Zilikuwa kuni za mchai. Nilicheka peke yangu, na kesho yake sikupuliza filimbi.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Andongwisye, mnyapara aliyenitangulia, mtu mfupi, mkavu, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa na msemo wake kwamba mtu mwenye kisu kikali huona kila tawi limezeeka. Huyu ndiye aliyenionyesha kazi ya iodini. Iodini ni ile dawa ya rangi ya kahawia iliyokuwa inapakwa kwenye vidonda. Kabla ya kupogoa kipande cha shamba, unachagua michai kadhaa, unachimba pembeni ya kila mmoja, unakata kijizizi chenye unene wa penseli. Unakichonga kidogo, unakipaka iodini, unasubiri. Kikigeuka cheusi, mzizi una akiba ya chakula, kata bila wasiwasi. Kikibaki njano njano, mzizi ni mtupu. Mchai wa namna hiyo ukiukata hauna cha kuchipulia. Utakaa pale kisiki, utasubiri, na mwisho utakufa.

Na jambo baya, vijana, ni kwamba huwezi kuujua mzizi mtupu kwa kutazama juu. Mchai unaweza kuwa umesimama, unachumwa kila wiki, unatoa majani yake kama kawaida, kumbe unakula mwili wake wenyewe. Ukichunguza sana utaona jani limekuwa dogo, chipukizi limefumba na halitaki kukua. Lakini nani anachunguza sana kitu ambacho bado kinatoa?

Dawa yake ni mbili. Ama uupumzishe, usiuchume wiki nyingi, mpaka mzizi ujaze tena. Ama, kama ni lazima ukate, uache tawi moja na majani yake yote upande mmoja, liendelee kupumua kwa niaba ya mti mzima. Tawi hilo tuliliita pafu. Kisiki kikishachipua, ndipo unarudi unaliondoa pafu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mwaka uleule nilipoachiwa filimbi na mzee Andongwisye. Kulikuwa na kipande kimoja upande wa mtoni, chai ya zamani, na meneja wa wakati huo alikitaka kimalizike kabla ya wageni fulani kuja kutembelea shamba. Chupa ya iodini ilikuwa imeishia kwenye vidole vya watu waliojikata. Nikasema, ah, chai hii naijua, nimeichuma mwenyewe, nikaamuru kisu. Miezi ikapita, vipande vyote vikachipua isipokuwa hicho. Mzee Andongwisye alikuja kutoka kwake kwa miguu. Hakunitukana. Aliniambia nichukue jembe, nikang'oe vile visiki mwenyewe, mimi mnyapara, mbele ya watu wangu. Niling'oa wiki mbili. Kila kisiki nilichokitoa kilikuwa na mizizi mirefu, mizuri, na ndani mikavu kama kamba. Nilijiambia sitarudia tena maishani, na kweli, kwenye chai sikurudia.

Sasa tuje kwenye miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, lakini sisi tuliona yakijaa. Tukuyu mjini zikaingia nguo za mitumba, redio za kaseti, sabuni za kila harufu. Watu waliokuwa wanyonge wakanunua pikipiki, na watu waliokuwa wakubwa wakaanza kusalimia kwanza. Mashirika ya umma yakauzwa, na shamba letu nalo likapata mwenyewe mpya. Siku moja karatasi yenye majina ikabandikwa kwenye mlango wa kiwanda. Wengine walilia pale pale. Mimi nililisoma jina langu mara tatu, Ambilikile, nikarudisha kisu na filimbi stoo, nikaenda nyumbani nikalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa mzima.

Nyumbani nilikuwa na mke, Tumpe, na binti yetu Atupele, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa na migomba, ng'ombe mmoja, na kipande kidogo cha chai alichokiacha marehemu baba. Chai hiyo alikuwa anaichuma Tumpe. Mimi sikuigusa. Mnyapara hawezi kuonekana ameinama kwenye chai ya nyumbani na kikapu mgongoni, ndivyo nilivyoamini.

Nawaambia jambo ambalo nimeona aibu kulisema kwa miaka yote hii. Mwezi wa kwanza baada ya kupunguzwa kazi nilingoja nyumba itikisike. Nilingoja chakula kipungue, Atupele arudishwe nyumbani kwa kukosa ada, chumvi ikosekane. Haikutikisika. Ndizi zilikuwepo, maharage yalikuwepo, maziwa ya chai ya asubuhi yalikuwepo. Mtu mwenye akili angeshukuru, kisha angekaa chini ajiulize: kumbe hii nyumba imekuwa ikisimama juu ya nini? Mimi niliudhika. Niliona kama nimedharauliwa na sufuria. Kama nyumba inakwenda vilevile bila mimi, basi mimi miaka yote hiyo nilikuwa nani?

Na kila nilipokwenda gulio nilikutana na wale akina mama niliowafukuza na filimbi. Walinisalimia vizuri tu, ndaga, baba, pole na mambo. Ile pole ndiyo iliyonichoma. Afadhali wangenicheka.

Ndipo akatokea shemeji wa jirani yangu, amerudi kutoka Usangu kwenye mpunga. Alikuwa na baiskeli mpya, redio begani, na amembebea mama yake mabati. Alikaa kwetu saa nzima akisifu ardhi ya huko, tambarare, maji ya mifereji, mtu analima msimu mmoja anajenga. Sikumwuliza swali hata moja la maana. Sikumwuliza msimu mbaya unakuwaje, wala watu wa baridi kama sisi wanaishije na mbu wa kule. Alipoondoka nilikuwa nimeshahama, umebaki mwili tu. Nilijiambia nakwenda kuokoa familia yangu. Familia haikuwa inazama. Aliyekuwa anazama ni mimi, kwa aibu, na nilitaka kuzamia mahali ambapo hakuna anayenijua.

Huo ndio mzizi wa kwanza ambao sikuuchimba. Wa pili ulikuwa Tumpe.

Dalili zilikuwepo, na msiniambie sikuziona, kwa sababu macho yangu yalikuwa macho ya kazi. Alikuwa anatua ndoo mara mbili kwenye ule mwinuko wa kutoka kisimani, wakati zamani hakutua hata mara moja. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Mimba yake ya mwisho ilikuwa imeharibika, na tangu hapo alikuwa anakula udongo, ule wa kuchimbua kwenye kingo za barabara. Mimi nikawa namtania kwamba ng'ombe akimaliza majani ataanza kushindana naye. Alicheka. Aliendelea kuchuma chai, kukata ndizi, kukamua, kupika. Mchai ungekuwa hivyo ningepiga magoti pale pale nikachimba. Lakini mke alikuwa anatoa kila siku, na nani anachunguza.

Nilimtangazia uamuzi wangu asubuhi moja akimenya ndizi. Sikusema tunafikirije, nilisema tunahama. Aliuliza chai ya baba nani ataichuma. Nikasema iache iote. Akasema, "Sawa, Baba Atu," akaendelea kumenya. Nilifurahi sana kwa ile sawa. Niliitembeza kijiji kizima, kwamba mke wangu ni mwelewa, hana makuu.

Mzee Andongwisye alisikia, akaja na lile koti lake. Alikuwa mzee kabisa sasa, anapumzika kila hatua chache. Alikaa, akanywa maziwa, akamtazama Tumpe alipokuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamtazama tena aliporudi. Kisha akaniambia, "Gwe Ambilikile, nenda peke yako msimu mmoja. Mwache mama na nyumba na ng'ombe. Acha pafu."

Nilielewa kabisa alichosema. Hakuna mtu Rungwe nzima aliyeelewa neno lile kuliko mimi. Lakini nililisikia kama amesema siwezi kumtunza mke wangu. Nikamjibu kwa heshima, na ndani nikiwa nimekasirika, kwamba hii si chai, mzee. Yeye akasema haya, akaomba asaidiwe kusimama. Ng'ombe nilimwuza wiki hiyo hiyo, ili pasiwe na sababu ya kurudi nyuma.

Usangu sitawaeleza sana. Ni nchi nzuri kwa wenyewe. Joto lile kwa mtu aliyezaliwa kwenye ukungu wa Tukuyu ni kazi ya pili juu ya kazi. Tulipanga kibanda, tulilima, tulisimama majini mpaka magotini, na mimi kwa mara ya kwanza nikainama mbele ya watu bila aibu kwa sababu hawakunijua. Kuna siku nilifurahi, sitawadanganya. Nilimwona Tumpe anapanda mstari ulionyooka, nikafikiri nimeshinda.

Homa ilimkuta kabla mpunga haujachanua. Sisi wote tulishaumwa, mimi na Atupele tukapona, kwa hiyo nikadhani naye atapona. Siku ya nne nikamkodia baiskeli mpaka zahanati. Mganga alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Alimfunua kope kwa kidole, akatazama, akatazama viganja, akaniuliza mama huyu amekuwa hivi tangu lini. Nikamjibu, tangu wiki iliyopita.

"Hapana, mzee," akasema. "Malaria ni ya wiki hii. Damu imeisha siku nyingi."

Akasema apelekwe Mbeya haraka aongezewe damu. Tulipata gari la mzigo. Atupele alimshikilia mama yake kichwa mapajani. Hatukufika. Alikata roho njiani, kimya, na mimi nikaendelea kumpepea kwa kofia yangu mpaka binti yangu aliponishika mkono akaniambia baba, acha.

Tulimrudisha Mpuguso, akazikwa kwenye migomba yake. Watu walikuja wengi, na wale akina mama wa kuni walikuja wote, wakalia kuliko mimi. Mzee Andongwisye hakuweza kutembea tena, aliletwa amebebwa kwenye kiti. Nilipiga magoti mbele yake nikasubiri aseme kitu, hata neno baya. Alinishika kichwa tu, akasema pole, mwanangu. Mwaka huo huo naye akaondoka. Chai ya baba niliikuta imekuwa miti, ndege wanajenga ndani yake.

Sasa ninyi mnataka niwaambie jinsi ya kubadili maisha. Sijui. Najua tu mahali pa kuanzia, nanyi hamtapapenda, kwa sababu hapana haraka na hapana sifa. Kabla hujaacha chochote, kaa wiki moja utazame siku yako kama ya mtu mwingine. Nani anaamka wa kwanza? Nani anabeba, nani anabebwa? Kile unachokiita mzigo, kikiondolewa, nini kitaanguka? Na huo mpango wako, unauendea au unakimbia kitu? Usichimbe upande ule ambao udongo ni laini, maana sote tunapenda kuchimba pale tunapojua tutakuta jibu zuri. Ukikuta mzizi mtupu, usikate. Pumzisha. Watu watakuita mwoga, waache waite.

Yule anayetaka kumwacha mke aanze na maswali hayo. Yule wa pombe, wewe acha tu, hiyo haihitaji iodini.

Nilitaka kuishia hapo, kwenye kautani kadogo, mchungaji afurahi. Lakini nilisema sitawadanganya, basi habari hizi mzisikie zote. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa ile sawa. Nilijiambia Tumpe alikubali, tuliamua wawili, Mungu ndiye apangaye. Usiku na mchana niliishi kwa neno hilo moja. Mwaka jana Atupele alikuja kunisalimia kutoka Mbeya, siku hizi ni mama wa watoto watatu. Tulikuwa tumekaa uani, nikaanza kusema, kama kawaida yangu, kwamba marehemu mama yako alikuwa mwelewa, nilipomwambia tunahama alisema sawa. Binti yangu akaweka kikombe chini.

"Baba," akasema, "mama aliniambia siku ile tunapakia. Alisema, baba yako akiniuliza kama naweza, nitamwambia siwezi. Alikuwa anakungoja. Alikungoja mpaka gari likapiga honi."

Nikakumbuka asubuhi ile vizuri sana. Tumpe alikuwa juu ya mizigo na Atupele. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nikimwuliza dereva kama matairi yataweza.